Taifa la Wajuzi Linavyozimika

(Hotuba kwa waandishi na wachoraji wa hadithi za kubuni, Moshi)

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Waandishi wenzangu, wachoraji wa katuni, na ninyi vijana mnaotengeneza michezo ya kompyuta, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja na matope haya.

Nimepewa jambo moja la kusema: namna ya kujenga taifa la kubuni la wajuzi wa kale, watu waliowahi kuamuru mito na mawingu, ambalo sasa linazimika. Mnalifahamu, maana limo katika hadithi nyingi zinazoandikwa siku hizi. Zamani sana walikuwepo, walikuwa warefu, wenye hekima, wakiishi miaka mia tano. Kisha inakuja sentensi ile: "nguvu zao zikaanza kupungua." Leo nataka tuikamate sentensi hiyo. Zilipungua kwa kiasi gani? Kwa miaka mingapi? Nani aliyeona kwanza, na alikuwa anafanya kazi gani alipoona? Mwandishi asipokuwa na majibu, msomaji hulihisi pengo hata kama hawezi kulitaja.

Nitakalolishikilia mpaka mwisho ni hili: kile kilichowapa nguvu ndicho kiwamalize. Ukileta tauni kutoka nje, au jeshi, au laana ya mungu aliyekasirika, umeandika msiba, na msiba unaweza kumpata hata muuza ndizi. Wajuzi wanastahili kifo cha kwao wenyewe, kinachotoka ndani ya ujuzi wao.

Tuanze na jina, kwa sababu wengi huteleza hapo. Neno linalokuja haraka mdomoni ni "wachawi". Liacheni. Kwetu mchawi ni mtu mbaya, kwisha. Tuna Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928 wakati wa Mwingereza na bado ipo, na Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Msomaji wa Kitanzania akikutana na "taifa la wachawi" hawezi kuliona taifa tukufu linalozimika. Anaona watu wanaostahili kukimbiwa. "Waganga" nalo lina shida yake, linakumbusha kibao cha barabarani kinachotangaza dawa ya mapenzi. Mimi husema "wajuzi". Wengine husema "mafundi", nalo ni zuri, kwa kuwa fundi kwa Kiswahili cha zamani ni mtu mwenye siri ya kazi yake, iwe useremala au ngoma ya pepo.

Kisha kuna vitenzi, na huku lugha yetu ni tajiri kuliko tunavyoitumia. Tuna kuagua, kuzindika, kukaga, kutabana, kupiga ramli, kupunga. Tuna hirizi, fingo linalofukiwa mlangoni, kombe linaloandikwa kwa zafarani kwenye sahani kisha likaoshwa na kunywewa, kafara inayomwagwa njia panda. Kila neno hapo lina kitendo chake na mkono wake. Usiyatumie yote. Chagua vitenzi vitatu na vifaa vitatu, uviwekee mipaka: anayezindika, yaani anayekinga kwa dawa, hafanyi kazi ya anayeagua, yaani anayeponya kwa uganga. Mwandishi anayeandika "alitumia nguvu zake za ajabu" kila ukurasa ni sawa na mpishi anayetuambia kwamba alipika chakula. Tunataka kujua kama ni mtori au ni machalari.

Sasa tujenge mfano mmoja pamoja, maana nadharia bila mfano haishiki. Taifa letu la kubuni tuliite Wang'azi, kwa umoja Mng'azi. Wanaishi mlimani, juu ya msitu, pale ukungu unapolala. Idadi yao ni watu 12,000. Ujuzi wao ni sauti: hutabana, yaani hutamka maneno ya uganga, kwa kuimba pamoja. Si kila Mng'azi ana sauti hiyo. Wenye nayo ni 600, yaani mmoja katika kila watu 20, na mtoto huirithi pale tu baba na mama wote wawili wanapokuwa nayo.

Kazi zao zina vipimo. Watu watatu wakitabana, wanazindika nyumba moja kwa mwaka mmoja. Watu saba wanaziba ukingo wa mto uliobomoka. Watu 21 wanaita ukungu juu ya bonde zima wakati wa kiangazi. Watu 63 wanahamisha mto. Tabano kubwa, yaani wimbo huo wa watu 63, lina beti 40 na lazima liimbwe bila kukatika, tangu jua linapogusa jiwe la mashariki mpaka kivuli kiondoke. Katikati akikohoa mmoja, mwenzake anaweza kumfunika. Wakikohoa watatu, kazi imeharibika na haiwezi kurudiwa mpaka mwezi uandame.

Gharama iko wapi? Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko popote. Aliyeimba tabano la watu 63 hazai tena, awe mwanamume au mwanamke. Joto linalohamisha mto linatoka tumboni mwao. Wao wanalijua hilo, na mwanzoni lilikuwa heshima: walioimba walikuwa wazee wenye wajukuu. Lakini bonde likajaa watu kwa sababu ya maji yaliyohamishwa. Mashamba yakaongezeka, mto mmoja haukutosha, ikabidi kuhamisha wa pili, kisha kuurekebisha wa kwanza uliokuwa unarudi njia yake ya zamani. Wazee hawakutosha. Wakaanza kuitwa wenye miaka 40, halafu 30, halafu mabinti waliokuwa hawajaolewa. Hawawezi kuacha, maana wakiacha bonde linakauka na watu waliozaliwa kwa ajili ya maji hayo wanakufa njaa. Huo ndio mtego. Nguvu na kifo chao viko katika wimbo mmoja.

Mnaona sasa hatuhitaji laana? Tunahitaji kalamu na hesabu ya darasa la saba. Wenye sauti ni 600, wanawake 300. Katika kila wanawake kumi, wanne wameitwa kuimba kabla hawajazaa. Sita waliobaki wanazaa wastani wa watoto wawili na nusu, yaani watoto 15 kwa wanawake kumi, wakati ili idadi isimame mahali pake walihitajika 20. Kila kizazi kinakuwa robo tatu ya kile kilichokitangulia. Andikeni: 600, kisha 450, kisha 337, kisha 253, kisha 190, kisha 142. Kama kizazi cha Wang'azi ni miaka 60, kwa kuwa wanaishi muda mrefu, basi kutoka 600 hadi 190 ni vizazi vinne, miaka 240. Huo ni muda mzuri kwa hadithi. Kikongwe mmoja anaweza kukumbuka aliyokuwa akisimulia bibi yake, na bibi yake akawa ameiona enzi ya utukufu kwa macho yake.

Tazameni pia kile ambacho hesabu hii haikugusa. Wang'azi wengine wote, wale 11,400 wasio na sauti, wanaendelea kuzaa kama kawaida. Sokoni kumejaa. Vijana wanaoana, nyumba zinaongezeka. Taifa linaweza kuwa na watu tele barabarani na likawa limekwisha. Waandishi wengi hutuonyesha jumba tupu lenye upepo na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe. Mimi ningeonyesha mtaa wenye makelele ya watoto, na katikati yao mama mmoja anawasikiliza kwa hofu, akitafuta sauti moja yenye mlio ule, asiisikie.

Wako watakaosema: waoane tu wenyewe kwa wenyewe, walinde damu. Ndivyo wangefanya, na ndivyo wangeongeza tatizo. Wataalamu wa urithi wa vinasaba wana kanuni ya kukadiria: kundi likishuka chini ya wazazi 50 wanaochangia kizazi kipya, madhara ya kuoana ndugu huonekana upesi, na kwa muda mrefu linahitaji kama 500 ili lisipoteze uwezo wa kubadilika. Wang'azi wetu wako chini ya 500 tangu kizazi cha kwanza baada ya kilele. Historia nayo ina mfano ulio wazi. Mfalme Charles wa Pili wa Uhispania, wazazi wake walikuwa mjomba na mpwa, na nyuma yao ndoa za namna hiyo zilikuwa zimerudiwa mara nyingi. Alikuwa dhaifu maisha yake yote, akafa mwaka 1700 bila mtoto, na ufalme ukagombewa kwa vita. Kwa hiyo mkiandika "damu safi", andikeni na taya iliyochomoza, na figo mbovu, na mtoto anayechelewa kutembea.

Nirudi kwenye namba, kwa sababu bado kuna kitu. Katika wenye sauti, si wote wanaoweza kuimba siku fulani. Ondoa watoto, ondoa wanafunzi, ondoa wazee ambao pumzi imekata. Tuseme theluthi moja ndiyo iko tayari. Katika 600 hao ni 200, na tabano la watu 63 linaimbwa bila wasiwasi, hata wagonjwa wakiwepo. Katika 190, theluthi ni 63. Wametimia kabisa. Asubuhi hiyo mmoja akiamka na homa, mto hauhami.

Ujuzi wa aina hii unashuka kwa ngazi. Hauteremki taratibu kama mwinuko wa barabara ya Marangu. Kwa miaka 240 hakuna anayeona tofauti yoyote, maana 150 wanahamisha mto sawasawa na 200. Halafu siku moja, ghafla, kazi ile haipo tena duniani. Baada yake kuna utulivu mwingine mrefu ambamo bado wanaita ukungu vizuri tu na watu wanaanza kusema kwamba ukungu ndio uliokuwa muhimu. Katika kizazi cha nane wamebaki 60, theluthi yao ni 20, na tabano la watu 21 linakosa mtu mmoja. Katika kizazi cha 12 wamebaki 19, walio tayari sita, na hata ukingo wa mto hawauzibi. Kwenye ramani ya hadithi yako weka vizingiti hivi kwanza, kabla ya majina ya wafalme. Vizingiti ndivyo sura zako.

Tena hesabu ya 63 ni ya mtu asiyeimba kwaya. Wengi wenu hapa mnaimba, kanisani au kwingine, na mnajua kwamba watu 40 waliokaa kwenye benchi si kwaya ya watu 40. Tabano kubwa lina sauti tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na kila moja inataka watu 21. Ukiwa na 26 juu, 25 katikati na 17 chini, una watu 68 na bado huna wimbo. Sauti ya chini ndiyo hukosekana siku zote. Muulizeni mwalimu wa kwaya yeyote kuhusu besi. Kwa hiyo kwenye karatasi Wang'azi wanakwama kizazi cha nne, na kwenye jiwe lao la kuimbia wanakwama kizazi cha tatu, wakiwa bado na watu 84 walio tayari. Wanajihesabu, wanaona wametosha, wanapanda mlimani, wanaimba, na maji hayasogei. Hebu fikirini uzito wa asubuhi hiyo. Wanashuka wakilaumiana. Mmoja atasema bonde limekufuru, mwingine atasema beti za zamani zilikuwa 41 na moja imesahauliwa. Hapo dini mpya inazaliwa, na mzozo wa mirathi, na kitabu kizima.

Hawataacha bila kujaribu viraka. Mwandishi mzuri anajua viraka vyote na madhara ya kila kimoja. Watawaweka watoto wa miaka 12 kujazia sauti ya juu: mto unahama, lakini watoto wale wamekwisha kama vyungu vilivyochomwa kabla ya kukauka, na kizazi kijacho kimeliwa kabla hakijafika. Watakata beti kutoka 40 hadi 28 ili pumzi itoshe: mto unahama nusu, unaishia tambarare, unakuwa kinamasi, na mwaka wa pili bonde lina homa ya mbu. Watashusha mlio ili wazee waweze: ukungu unakuja na baridi iliyozidi, jani la mgomba linageuka jeusi kwa usiku mmoja. Watachukua wasio na sauti wajaze nafasi wafungue midomo tu. Hiki cha mwisho hakina madhara yoyote ya kimwili, ndiyo maana ni cha hatari kuliko vyote. Jukwaa linajaa, watu wa bonde wanaona wajuzi 63 wamesimama, kodi inalipwa, na hakuna kinachotokea isipokuwa sauti nzuri.

Sasa elimu. Ujuzi huzimika kwenye uanagenzi kabla ya kuzimika kwenye makaburi. Wamisri wa kale wanatufundisha hili kuliko taifa lolote la kubuni. Maandishi yao ya picha, yaliyochongwa na makuhani, katika enzi yao ya fasihi safi yalikuwa na alama kama 700 hivi. Katika karne za mwisho, nchi ikitawaliwa na Wagiriki na kisha Warumi, wasomaji wakizidi kuwa wachache, alama zikaongezeka mpaka maelfu. Mngetegemea kinyume chake. Kundi dogo la makuhani lililofungiwa hekaluni lilifanya maandishi kuwa fumbo, kila alama ikawa na maana za ndani ambazo ni wao tu walizijua. Maandishi ya mwisho ya picha tunayoyafahamu yalichongwa kisiwani Philae tarehe 24 Agosti 394. Baada ya hapo kimya, na hakuna aliyeyasoma mpaka msomi Mfaransa Champollion alipofungua njia mwaka 1822. Miaka zaidi ya 1,400 mawe yalikuwepo, wazi, kila mtu anayaona.

Chukueni hilo mlipeleke kwa Wang'azi. Wanapokuwa wachache, msiwafanye wasahau polepole. Wafanyeni waongeze. Zamani mwanafunzi alijifunza tabano dogo kwa miaka mitatu na kubwa kwa tisa. Sasa anajifunza dogo kwa miaka saba, kwa sababu kila mwalimu aliyekosa kazi ya maana ameongeza sharti: mguu upi utangulie, ubani wa aina gani, jina la babu wa kumi na nane. Mwalimu mmoja huchukua wanafunzi wawili, na mmoja kati ya wawili hukata tamaa. Ujuzi unaonekana kuwa mzito na mtukufu kuliko wakati wowote, na unakufa. Kwa jicho la mgeni, taifa linalozimika linang'aa kupita lilivyong'aa likiwa na nguvu. Kwa maoni yangu siri hii ni kubwa kuliko zote za somo hili, na ndiyo inayokosekana katika hadithi nyingi, ambamo kila kitu cha wazee kimechakaa na kuvunjika tangu ukurasa wa kwanza.

Tuna pia magofu yetu, wala hatuhitaji kuazima ya ng'ambo. Kutoka hapa ni safari ya siku moja mpaka Engaruka, mkoani Arusha, wilaya ya Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Kuna mashamba yaliyogawanywa kwa mawe, kama hekta 2,000, na mifereji iliyojengewa mawe ikileta maji kutoka vijito vinavyoshuka milimani. Juu ya mteremko kuna mabaki ya vijiji saba vilivyokaa kwenye matuta ya mawe. Watu waliishi na kulima pale takriban tangu karne ya 15 hadi ya 18, kisha wakaondoka. Watafiti hawajakubaliana juu ya sababu moja: maji ya vijito kupungua, udongo kuchoka, vyote vinatajwa. Mwandishi aende akatembee pale. Tazama mfereji mmoja kwa karibu: mawe ya ubavuni yamepangwa kwa mkono, dogo juu ya kubwa, na mteremko wake ni mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni ila maji yaliuona. Mtu aliyejenga vile alikuwa mjuzi. Na ujuzi wake ulihitaji watu wa kuzibua tope kila msimu. Wakipungua wazibuaji, mfereji bora kuliko yote duniani unajaa mchanga.

Na kwenye miteremko ya mlima huu wa Kilimanjaro kuna mifongo ya Wachagga, mifereji ya kumwagilia, inayofanya kazi mpaka leo. Muulizeni mzee yeyote aliyewahi kusimamia mfongo. Atawaeleza maji ya usiku yanavyowekwa kwenye nduwa, yaani bwawa dogo la kuhifadhia maji, zamu inavyogawanywa, na anayekosa siku ya kusafisha anavyonyimwa maji au kulipishwa. Mlango wa mfongo hauna maajabu, ni magome ya mgomba, majani na udongo, mtu anauziba kwa kisigino. Wapeni wajuzi wenu vitu vya namna hiyo. Nguvu inayohamisha mto iwe na mlango unaozibwa kwa matope, na mtoto aliyetumwa kuuziba akasahau.

Kuhusu vitu, nitatoa kimoja tu. Jiwe la kuimbia la Wang'azi lina viti 63 vilivyochongwa kwa nusu duara, safu tatu. Mwandishi mvivu atasema "viti vilikuwa vimeota kuvu". Tusogee karibu. Safu ya sauti ya juu imelainika, mawe yana mng'ao wa makalio ya vizazi kumi, na kiti cha nne kutoka kushoto kina shimo dogo alilokuwa akilichokonoa mtu fulani kwa ukucha wakati wa kusubiri. Safu ya kati, vilevile. Safu ya chini viti sita vya mwisho vina kingo kali bado, kama vimechongwa jana, kwa sababu havikupata watu tangu zamani. Na juu ya hivyo sita kumeanikwa maharage. Mke wa mlinzi huyaanika pale kila msimu kwa kuwa jiwe linashika joto. Ana heshima zake, huyaondoa kabla ya siku ya kuimba na kufagia maganda. Kwa viti hivyo na maharage hayo msomaji amejua yote, na hatukuandika neno "kuzimika" hata mara moja.

Majirani nao wahesabiwe. Wajuzi hawaishi hewani. Kuna wanaowahitaji, wanaowaogopa, na wanaosubiri. Ugweno, Upare wa Kaskazini, masimulizi yanasema ukoo wa Washana, wafua chuma, ndio walioshika utawala, mpaka Wasuya wakawapindua. Washana hawakufutwa. Waliendelea kufua chuma, maana majembe na mikuki vilihitajika na watawala wapya pia. Walinyang'anywa kiti wakaachiwa nyundo. Hali hiyo ina utajiri mwingi kuliko mauaji ya halaiki ambayo vijana wanapenda kuandika: mjuzi anayefanya kazi ileile, kwa mikono ileile, lakini sasa akiitwa na kulipwa.

Na kabla hamjachukua viumbe virefu vyenye masikio ya ncha kutoka hadithi za Ulaya, wakumbukeni Wakonyingo. Katika ngano za Kichagga hao ni watu wafupi wanaoishi Kilimanjaro, wenye vichwa vikubwa mno. Hawalali chini, huegemea ukuta, kwa sababu akianguka mmoja hawezi kuinuka mwenyewe, kichwa kinamlemea. Kila mmoja hubeba pembe kiunoni ili akianguka apige, wenzake waje wamwinue. Wana ngazi za kufikia mbinguni. Ngoja niwaonyeshe thamani ya kitu hicho kwa somo letu: watu wenye ngazi ya mbinguni, ambao uhai wao wote unategemea kuwepo kwa mwenzao anayesikia pembe. Msiibebe ngano hiyo nzima mkaibandika, ni mali ya wenyewe na ina heshima yake. Jifunzeni inavyofikiri. Uwezo mkubwa na udhaifu mkubwa vimewekwa katika kiungo kimoja, kichwa.

Mlima wenyewe pia unasimulia. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya mbili. Na sehemu ya barafu hiyo haikuyeyuka ikatiririka. Katika hewa kavu ya juu iligeuka mvuke moja kwa moja, bila kulowesha udongo ulio chini yake. Mtu anayeishi Kiboriloni hakuona mafuriko yoyote.

Makosa mengine nayapitia haraka. Mjuzi wa mwisho aliyebaki peke yake: ametumika sana, na kwa taifa linaloimba pamoja hana hata maana, sauti moja haitabani kitu. Utabiri wa mtoto atakayerudisha yote: ukiutumia, hesabu yako yote ya vizazi inakuwa haina kazi, maana mtoto mmoja hafanyi 63. Wajuzi wote kuwa na hekima: hapana, waweke wavivu, wapenda pombe, na mmoja anayeimba vizuri kuliko wote na hataki. Miaka mia tano ya kuishi: fikirini mara mbili, kwa kuwa mtu wa miaka 500 anakumbuka kila kitu na hapo hakuna usahaulifu wa kuandika. Miaka 120 inatosha sana. Lugha ya kubuni yenye vistari na alama za ajabu: kama msomaji wa Himo hawezi kuitamka kwa sauti, ifute.

Tutaishia kwenye kazi. Toeni madaftari. Andikeni ukurasa mmoja, si zaidi. Ni alfajiri, jiwe la mashariki bado halijaguswa na jua, na mhesabuji wa Wang'azi anapita safu kwa safu akigusa mabega. Safu ya juu 21. Safu ya kati 21. Safu ya chini anafika 20. Msitumie maneno nguvu, kale, wala mwisho. Nataka nione anachofanya na mkono wake baada ya bega la 20, nani anayegeuka kumtazama, na mke wa mlinzi amesimama wapi. Tunasomeana saa nane, baada ya chakula.